Je, Uchumi ni Sayansi? Ushahidi kutoka Malisho ya Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Swali la kama uchumi ni sayansi huzuka kila wataalamu wake wanapotoa majibu yasiyopatana. Kenya ililiona hilo mchana kweupe katika suala la riba. Mwaka 2016 sheria ilizuia benki kutoza wakopaji zaidi ya pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu. Baadhi ya wachumi walisema mwananchi wa kawaida angepata ahueni. Wengine walionya kwamba benki zingewakimbia wakopaji wadogo na kuikopesha serikali, ambayo haina hatari ya kutolipa. Novemba 2019 kikomo hicho kikaondolewa, na pande zote mbili zikabaki na misimamo yao. Raia aliyefuatilia mjadala huo kutoka mwanzo hadi mwisho ana haki ya kuuliza kama taaluma hii ina ukweli wowote usiotegemea anayeulizwa.

Mahali pazuri pa kulipimia swali hilo ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Huko sehemu kubwa ya mali ina miguu minne: ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika eneo kama Takaba, makao makuu ya Mandera Magharibi karibu na mpaka wa Ethiopia, mvua haina ratiba ya kuaminika, benki ni chache, na familia inaweka akiba yake zizini. Kwa zaidi ya nusu karne karibu kila mkondo wa fikra za kiuchumi umemtazama mfugaji huyo na kumwelezea kwa namna yake. Baadhi ya maelezo yamesimama, mengine yameanguka, na kuanguka kwake kunafundisha zaidi.

Madai ya usayansi na wanaoyakataa

Mwaka 1932 Lionel Robbins, mwalimu wa chuo cha uchumi cha London, aliieleza taaluma hii kuwa uchunguzi wa namna watu wanavyogawa njia chache zenye matumizi mengi kati ya malengo yao. Kwa maelezo hayo mchumi hahukumu malengo. Anachunguza uchaguzi tu. Milton Friedman aliendeleza wazo hilo mwaka 1953 kwa kutenganisha kauli za jinsi mambo yalivyo na kauli za jinsi yanavyopaswa kuwa. Kwake, nadharia haikataliwi kwa sababu inarahisisha mno hali halisi. Inakataliwa utabiri wake ukishindwa.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unatoa mtihani. Anayesema kikomo cha riba kitapunguza mikopo ya wafanyabiashara wadogo amejifunga, na takwimu zinaweza kumuumbua. Udhaifu wake ni kwamba mitihani safi ni adimu. Nchi ni moja, mwaka ni mmoja, na mambo mengi hubadilika kwa wakati mmoja. Kikomo cha 2016 kilifuatwa na ukame na uchaguzi uliorudiwa wa 2017. Nani atasema kwa uhakika mikopo ilipungua kwa sababu ipi?

Upande wa pili haukosi watu wazito. Mwaka 1974 tuzo ya uchumi iliyoanzishwa na benki kuu ya Sweden kwa kumbukumbu ya Alfred Nobel iligawanywa kati ya Friedrich Hayek na Gunnar Myrdal. Hayek aliamini kwamba maarifa ya uchumi yametawanyika kwa mamilioni ya watu na hakuna mpangaji wa serikali awezaye kuyakusanya. Myrdal aliamini katika upangaji, na alishikilia kwamba mchumi hawezi kamwe kuyavua maoni na maadili yake anapoingia kazini. Hayek alitumia hotuba yake ya kupokea tuzo kuwaonya wenzake dhidi ya kujifanya wanajua wasichokijua. Mwaka 2013 waliopewa tuzo hiyo hiyo walikuwa pamoja na Eugene Fama, anayeona bei za hisa zimebeba habari zote zilizopo, na Robert Shiller, anayeona bei hizo huchochewa pia na mihemko ya watu. Ni vigumu kufikiria fizikia ikituza watu wawili kwa namna hiyo, ingawa anayetetea uchumi anaweza kujibu kwamba kila mmoja wao alitoa ushahidi unaoweza kukaguliwa, na kwamba ubishi si dalili ya ujinga.

Waraka Nambari 10 na hoja ya tija

Uamuzi wa kiuchumi uliougusa zaidi ukanda wa Kaskazini Mashariki uliandikwa mwaka 1965. Waraka Nambari 10 wa Bunge, uliosimamiwa na Tom Mboya akiwa Waziri wa Mipango, ulieleza Ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Licha ya jina lake, hesabu iliyokuwa ndani yake ni ya shule ya tija na soko: fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoongeza pato kwa kiasi kikubwa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme na watu walio tayari kupokea maendeleo. Waraka ulitoa mfano: pauni milioni 1 ikiwekwa sehemu moja huenda ikaongeza pato kwa pauni 20,000, na sehemu nyingine kwa pauni 100,000. Busara ni kuchagua ya pili, kisha faida itumike baadaye kuwainua waliobaki nyuma.

Kama hesabu, hoja hiyo haina kosa. Nchi changa yenye mtaji mdogo ikiutawanya kila mahali inaweza kukosa kujenga chochote cha maana. Kasoro iko katika yaliyochukuliwa kuwa yametolewa na maumbile. Barabara na umeme vilihesabiwa kama sifa za eneo, ilhali vilikuwa matokeo ya maamuzi ya awali ya serikali ya kikoloni, iliyokuwa imeifunga Kaskazini kama wilaya maalumu ambako mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Eneo lililonyimwa barabara lilikosa tija, na kwa kukosa tija likanyimwa barabara tena. Myrdal alikuwa ameueleza mzunguko huu miaka ya 1950: utajiri huvuta utajiri, na ufukara huzaa ufukara, soko likiachwa lenyewe. Tena mwaka 1965 Kaskazini Mashariki ilikuwa vitani, kwa kuwa vita vya Shifta vilidumu hadi 1967, na hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991. Sehemu ya "kutokuwa tayari kwa maendeleo" ilikuwa amri ya dola yenyewe.

Waraka ulipata mkosoaji mapema. Julai 1965 Barack Obama mkubwa, mchumi kijana aliyekuwa amesomea Marekani, aliuchambua katika jarida la Afrika Mashariki. Alihoji ni nani hasa atakayeumiliki uchumi huo, na akatilia shaka haraka ya kutoa hati za ardhi kwa mtu mmoja mmoja badala ya kujenga juu ya umiliki wa koo. Nyika za Kaskazini Mashariki ndizo zingelijaribu swali hilo la pili kwa ukali zaidi.

Malisho ya pamoja: nadharia iliyojengwa kabla ya kwenda kuangalia

Mwaka 1926 mwanaanthropolojia Melville Herskovits aliandika kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wanawathamini ng'ombe kwa heshima na mila kuliko kwa faida. Maafisa waliosoma hilo kwa haraka walihitimisha kwamba mfugaji hana akili ya kiuchumi: anarundika mifugo, hauzi hata bei ikipanda. Desemba 1968 Garrett Hardin, ambaye kwa kweli alikuwa mwanabiolojia, alitoa hoja iliyoelekea kinyume lakini ikafika pale pale. Kwake mfugaji ana akili nyingi mno: akiongeza mnyama mmoja kwenye malisho ya wote, faida ni yake peke yake na hasara inagawanywa kwa wote, hivyo kila mmoja ataongeza hadi nyasi ziishe. Dawa, kwa wafuasi wake, ni umiliki binafsi au mkono wa serikali.

Mwaka huo huo wa 1968 Kenya ilitunga sheria iliyofungua njia ya ranchi za vikundi. Katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, miaka ya 1970, miradi iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia na Marekani iligawa nyika kuwa vitalu vya malisho, ikachimba mabwawa na kupanga zamu: kitalu hiki kinaliwa msimu huu, kile kinapumzika. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Lakini mvua haikusoma ramani. Ilinyesha kitalu kilichopangiwa kupumzika na kukiruka kilichopangiwa kuliwa, nao wafugaji walifuata majani kama walivyofanya siku zote. Mabwawa mapya yaliwavuta watu na mifugo kukaa mahali pamoja mwaka mzima, na nyasi za pembeni zikaisha. Mradi wa kuzuia uharibifu ulichangia uharibifu.

Hatimaye utafiti ulifika. Harold Schneider alitumia vipimo vya kawaida vya uchumi kuonyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wanalinganisha gharama na faida kama mfanyabiashara yeyote. Kutouza ngamia jike bei ikiwa nzuri ni uamuzi wa kulinda maziwa ya miaka ijayo na uzao wa kundi. Mwaka 1990 Elinor Ostrom alikusanya mifano kutoka sehemu nyingi za dunia ya jamii zinazotunza mali ya pamoja kwa muda mrefu kwa kanuni zao wenyewe, kazi iliyompatia tuzo mwaka 2009. Mifano ya jirani haikuwa mbali: visima virefu vya Waborana vina abba herega, msimamizi anayepanga zamu za kunywesha, na kule Isiolo kuna wazee wa dedha wanaoamua malisho ya kiangazi yafunguliwe lini. Hardin alikuwa ameeleza mali isiyo na mwenyewe; malisho haya yalikuwa na wenyewe wengi, wenye sheria.

Pigo la pili lilitoka kwa wanaikolojia. Mwaka 1988 Jim Ellis na Dave Swift, waliofanya utafiti Turkana, walionyesha kwamba mahali mvua inabadilika mno, idadi ya mifugo haiamuliwi hasa na wingi wa walaji bali na ukame unaoua kundi kabla halijafikia kikomo cha nyasi. Wazo la "idadi sahihi ya mifugo kwa hekta", ambalo ndilo vitalu vilisimamia, lilipoteza msingi wake.

Hapa taaluma ilitenda kama sayansi: dai lilikaguliwa, likaonekana na kasoro, likarekebishwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 sasa inatambua umiliki wa pamoja. Gharama ya kuchelewa, hata hivyo, ilibebwa na wafugaji, na deni la miradi likabebwa na mlipa kodi. Masahihisho hayo nayo yana mipaka yake. Kanuni za wazee hudhoofika wanapokuja watu wenye bunduki, matajiri wa mjini wanapoweka mifugo nyikani kwa kuajiri wachungaji, au mpaka wa kaunti unapogeuzwa kuwa mpaka wa ukoo.

Soko bila dola, na soko linapogeuka

Wafuasi wa Hayek wana ushahidi wao mjini Garissa. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, biashara ya ng'ombe kuvuka mpaka haikufa. Mwanaanthropolojia Peter Little aliifuatilia na kuonyesha kwamba ilikua, na soko la Garissa likawa miongoni mwa makubwa zaidi nchini. Mkataba haukuandikwa na mahakama haikuwepo. Palikuwa na dalali anayewajua wauzaji na wanunuzi, koo zinazodhamini watu wao, na hawala inayopeleka fedha kwa neno la simu. Serikali ilipozisimamisha kampuni 13 za hawala Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, ilionekana ni familia ngapi ziliishi kwa mfumo ambao vitabu vingi vya uchumi havina sura yake. Lakini soko hilo halikujijengea chanjo ya mifugo, wala cheti cha afya cha kuingilia masoko ya nje, wala barabara. Hayo yanataka dola.

Soko pia linaweza kuua likifanya kazi vizuri. Amartya Sen alilionyesha hilo mwaka 1981 alipochunguza, pamoja na mengine, njaa ya Ethiopia ya 1972 hadi 1974. Chukulia familia ya Takaba yenye mbuzi 40. Kabla ya ukame, tuseme mbuzi mmoja ananunua gunia moja la mahindi. Mvua ikikosa, mbuzi wanakonda, kila mtu anauza siku moja, bei inaanguka hadi robo. Nayo mahindi, yanayotoka mbali kwa lori, yanapanda nusu tena. Sasa gunia lile lile linataka mbuzi 6. Hakuna aliyemwibia mwenzake, ghala la mfanyabiashara huenda limejaa, na familia inafukarika kwa kila safari ya sokoni. Kwa Sen njaa ni suala la nani ana uwezo wa kupata chakula, na wingi wa chakula kilichopo ni sehemu tu ya jibu. John Maynard Keynes alikuwa amesema jambo la aina hiyo kuhusu ajira mwaka 1936: bidhaa hazina maana kwa asiye na fedha za kuzinunua. Mkondo huu ndio unaohalalisha kumpa mwathirika pesa badala ya gunia, mradi lori la mfanyabiashara linaweza kufika. Barabara ikikatika au mpaka ukifungwa, pesa hupandisha bei tu.

Mkondo wa utegemezi, uliochanua Dar es Salaam pamoja na kitabu cha Walter Rodney cha 1972 na ukaletwa Kenya na Colin Leys mwaka 1975, huona ufukara wa pembezoni kama upande wa pili wa utajiri wa katikati. Karantini za kikoloni zilizozuia mifugo ya Kaskazini isishuke kwenye masoko ya walowezi ni hoja yake nzuri. Udhaifu wake ni kwamba hauelezi vyema kwa nini wafanyabiashara wa Garissa walitajirika ndani ya mfumo ule ule, na kila tukio linaweza kusomwa kuwa uthibitisho wake.

Riba, sadaka na bima

Katika jamii ya Waislamu kama ya kaunti hizi, mkondo ambao vyuo vingi huutaja kwa aya moja una watu wengi kuliko mingine yote. Uchumi wa Kiislamu, ulioandikwa kwa mapana na Muhammad Baqir al-Sadr mwaka 1961, hauanzi na uhaba bali na haki: riba ni haramu, hatari igawanywe, zaka itoke. Benki mbili kamili za mfumo huu zilifungua milango Kenya mwaka 2008. Kisayansi dai la kwanza haliwezi kupimwa, kwa sababu ni amri. Matokeo yake yanaweza. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010 na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ilipoletwa Wajir mwaka 2013, ilivaa sura ya takaful: wanachama huchanga kwenye mfuko wa pamoja kwa nia ya kusaidiana, na kampuni hulipwa ada ya usimamizi. Uhalali wa kidini hapo ni sehemu ya uhitaji wa bidhaa, na mchumi anayeupuuza atakosea kutabiri nani atanunua.

Majaribio

Miaka ya 1990 uchumi wa maendeleo ulianza kuazima mbinu ya watafiti wa dawa: gawanya watu kwa bahati nasibu, wape baadhi, linganisha. Kenya ilikuwa uwanja mkuu. Michael Kremer na Edward Miguel walipima dawa za minyoo katika shule 75 za Busia kuanzia 1998. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia hesabu zao, wakapata makosa katika sehemu ya matokeo, na mabishano yakafuata kuhusu kilichobaki. Kremer alipewa tuzo mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Kaskazini ilipata majaribio yake. Mpango wa kukinga njaa uliolipa fedha kila miezi miwili katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ulipimwa kwa maeneo yaliyochaguliwa kwa kura, na familia zilizolipwa zilionekana kuwa na kinga zaidi dhidi ya ufukara uliokithiri. Katika bima ya Marsabit, kuponi za punguzo zilitolewa kwa bahati nasibu ili athari ya bima itenganishwe na tabia ya wanaopenda kununua. Fidia ya kwanza ililipwa Oktoba 2011 katikati ya ukame, na wenye bima walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuuza mifugo kwa dhiki kuliko majirani zao.

Hata hivyo bima hiyo inaonyesha pia jaribio linaishia wapi. Haikagui mzoga, setilaiti inapima ukijani wa nyika. Kichaka cha mathenge kilichotapakaa kando ya Tana ni kijani kiangazi kizima, ilhali si malisho ya kutegemewa. Mtu aweza kupoteza kundi bila kulipwa kwa sababu eneo lake kwa wastani lilionekana zuri. Na jaribio lililofaulu Marsabit halithibitishi chochote kuhusu Takaba, mpaka mtu aeleze kwa nini lilifaulu. Maelezo hayo ni kazi ya nadharia. Utafiti wa Waborana wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 2004 unatoa mfano: familia iliyoshuka chini ya takriban ng'ombe 15 haikuweza tena kuhama na kundi, ikakwama katika ufukara, wakati iliyobaki juu yake ilijikwamua. Msaada ule ule basi una matokeo tofauti kwa mwenye 12 na mwenye 18.

Kinachopimika na kinachoamuliwa

Hukumu inayotokana na haya ni kwamba uchumi ni sayansi pale unapotaja utaratibu mahususi, kwa masharti yaliyo wazi, kiasi kwamba unaweza kukamatwa ukikosea. Vitalu vya malisho vilikamatwa. Hesabu ya Waraka wa 1965 haikukamatwa kirahisi, kwa kuwa haikuwa na kosa la hesabu. Kosa lilikuwa kwenye orodha ya vitu vilivyohesabiwa.

Vipimo vyenyewe huko Kaskazini Mashariki ni uwanja wa mapambano. Mwaka 2011 Roy Behnke na David Muthami walikokotoa upya mchango wa mifugo katika pato la Kenya la 2009 wakapata mara mbili na nusu ya takwimu rasmi. Sehemu kubwa ya thamani hiyo ni maziwa, ambayo mengi hunywewa nyumbani bila risiti. Agosti 2010 Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, Mandera Magharibi ikiwemo, akisema idadi haikulingana na mwenendo wa uzazi na vifo. Suala likaenda mahakamani. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa nayo ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 katika sehemu kadhaa za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, safari hii wenyeji wakilalamika kwamba wamehesabiwa pungufu. Hakuna mkondo wa fikra unaoweza kukokotoa pato la kila mtu pale idadi ya watu inapoamuliwa na jaji.

Idadi hiyo ni fedha. Baada ya Katiba ya 2010, fomula ya kwanza ya kugawia kaunti ilitoa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgao sawa, 20 kwa ufukara, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa nidhamu ya matumizi. Mchumi anaweza kukadiria gharama ya kupeleka boza la maji kilomita 100 katika nyika yenye watu wachache, na kwa hiyo kusaidia kujua kama 8 ilitosha. Hawezi kuamua kama mkazi wa Takaba na mkazi wa Kiambu, jirani na Nairobi, wanastahili huduma sawa, au shilingi sawa. Mwaka 2020 Seneti ilivutana juu ya hilo kwa wiki nyingi, kambi moja ikidai mtu mmoja, shilingi moja, nyingine ikitetea ardhi pana na miaka ya kutengwa. Fomula mpya ikapunguza uzito wa idadi ya watu hadi asilimia 18, ikaingiza afya, kilimo, barabara na miji, na kuiacha ardhi kwenye 8 ile ile. Ilikubaliwa Septemba, kwa sharti kwamba isitumike mpaka mgao wa kaunti upandishwe kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi 370, ili asiwepo wa kupunguziwa.